Mzee Meshaki na Tai wa Kitalu cha Saba

Jumatatu ijayo, tarehe 30 Juni 2025, Mzee Meshaki Mwakanyamale anatimiza miaka sitini na kurudisha stoo kofia yake ngumu, gambuti na filimbi. Ametumikia Kiwanda chetu cha Chai Lukwego kwa miaka thelathini na minne, yote katika Idara ya Kuni. Hakuwahi kuhamishwa wala kuomba kuhamishwa.

Mimi ninayeandika ni mpika uji wa idara hiyo. Wenye shule kubwa kuliko mimi wapo wengi, ila kamati ya sherehe ilisema aandike mtu aliyekuwa naye kila siku. Basi mkikuta nimekosea kuandika mnisamehe, mambo yenyewe ni ya kweli.

Kwa wageni wetu ambao chai wanaijua ikiwa kikombeni tu: majani mabichi yakitoka shambani hayawezi kungoja. Lazima yakaushwe, na moto wa kuyakausha unatoka kwenye boila, na boila letu linakula kuni za mikaratusi kama ng'ombe aliyefungwa njaa wiki nzima. Mzee Meshaki ndiye aliyelilisha. Alifika mwaka 1991 kutoka kwao Masoko, kibarua wa kufyeka, na panga la kuazima. Baada ya miaka mitatu alikabidhiwa msumeno wa mashine. Mwaka 2003 akawa mnyapara, na mwaka 2011 akawa msimamizi wa vitalu vyote vya kuni, kuanzia hapa kiwandani mpaka huko juu tunakopakana na msitu.

Ni mtu mpole. Anawaita wanawake wote "mama", hata binti aliyemaliza darasa la saba juzi. Anapenda sana kuimba lakini sauti haimpendi yeye. Kwaya ya kanisani kwake Lufingo ilimwomba kwa heshima awe mtunza viti, akakubali, na hadi leo anaimba akipanga viti. Nilipoanza kazi mwaka juzi mwanangu Nelson alikuwa na miezi minne. Nilidhani nitaambiwa nirudi akikua. Mzee aliangalia tu upepo unatokea wapi, akahamisha jiko upande wa pili ili moshi usimfikie mtoto, akaniambia, "Mama, ukisikia analia, mnyonyeshe. Miti haiendi popote."

Lakini leo nataka kueleza zaidi habari ya ndege, maana huwezi kumtaja Mzee Meshaki ukaacha ndege.

Ilianza mwaka 1997. Siku hiyo ukungu ulikuwa ule wa kwetu, wa kutoona mkono wako mwenyewe. Mzee alikuwa kijana na msumeno wake, anasifika kwa kuangusha miti mingi kuliko wenzake, na hakuona sababu ya kungoja ukungu upande. Akaangusha mkaratusi mkubwa pembeni mwa msitu. Mti ulipolala chini, ndani ya matawi wakakuta kiota kipana kama kitanda cha mtoto, kimevunjika, na kinda la tai likiwa hai.

Ni wale tai wakubwa wa msituni, wenye kishungi kichwani na kifua cha madoadoa, wanaokamata mbega na pimbi. Mzee alilivingirisha lile kinda kwenye koti lake akalipeleka nyumbani. Mke wake, Mama Lugano, alikuwa ananyonyesha mtoto wao wa kwanza. Huku anamshika Lugano, huku analilisha kinda vipande vya maini. Liliishi siku nne.

Anasema siyo kufa kwake kulikomtesha. Kilichomtesha ni mama wa lile kinda. Wiki nzima wakataji wakienda kazini walimkuta tai jike anazunguka pale juu ya kisiki akilia, anatua, anaruka, anarudi tena. Wanaume wazima walianza kupita njia nyingine. "Nilimfanya mama wa watu ahangaike na kisiki," ndivyo anavyosema mpaka leo, na akisema hivyo huwa anaangalia pembeni.

Tangu hapo akajiwekea sheria, na alipokuwa mnyapara ikawa sheria yetu sote. Kabla mti haujaguswa, mtu mmoja analala chali chini yake, anaangalia juu muda wa mwenzake kunywa kikombe kimoja cha uji wa moto. Si kusimama na kukunja shingo. Kulala kabisa, maana aliyesimama huchoka haraka akasema hakuna kitu. Na kukiwa na ukungu hakukatwi mti wowote. Kiota chenye ndege kikionekana, zinahesabiwa hatua mia na hamsini pande zote, na humo ndani hauingii msumeno wala shoka mpaka makinda yaondoke yenyewe. Katika daftari lake la kazi vimo viota kumi na vinne vilivyosalimika kwa njia hiyo, vya tai, vya kipanga, vya mwewe, na viwili vya bundi. Vile vya bundi aliviandika "ndege wa usiku", ili vijana wa zamu wasije wakavichoma moto kwa woga.

Bwana Godwin, meneja wetu wa mashamba, alipofika miaka mitatu iliyopita hakuwa amesimuliwa. Ziara yake ya kwanza akakuta wanaume sita wamelala chali kila mmoja chini ya mti wake, na wengine sita wamekaa wanakunywa uji taratibu. Aliuliza kwa hasira, "Hiki ni kitalu cha kuni au ni gesti?" Mzee akamjibu, "Tuko kazini, bosi." Jibu hilo halikusaidia. Barua ya onyo ilifika jioni ileile. Alipoeleweshwa, Bwana Godwin aliomba radhi mbele ya watu, lakini karani alikuwa ameshaipeleka kwenye faili, na ndiyo barua pekee ya onyo katika miaka thelathini na minne.

Hakuishia kwenye miti. Kuna wakati mwewe walizidi kuchukua vifaranga kwenye nyumba za wafanyakazi, na jirani yangu Veronika akapaka sumu ya panya kwenye kifaranga kilichokufa akakiacha uani. Mwewe alikufa kweli. Na mbwa wake Veronika akafa siku hiyohiyo, kwa kumla mwewe. Mzee Meshaki hakumgombeza. Alimsaidia kuwafukia wote wawili kwenye shimo refu, halafu Jumapili nzima akakaa anasuka tenga la kufunikia vifaranga. Veronika alipokuja kumshukuru alimwambia, "Vikae humo mpaka viote mabawa, mama. Kuku mkubwa hanyakuliwi ovyo." Siku hizi ukipita kwenye mistari yetu ya nyumba utaona tenga karibu kila uani, na uliza kama kuna mtu anaweka sumu.

Sasa nije kwenye mwaka huu, maana mwaka huu ndio ulikuwa mgumu kuliko yote.

Januari, aliyelala chali kwenye Kitalu cha Saba aliona kiota kikubwa kwenye mkaratusi mrefu, na tai jike amelalia. Mwanzoni mwa Machi kinda likatotolewa. Jeupe, kama mtu kamwagia unga wa sembe. Mzee alihesabu wiki kwa vidole akasema, "Huyu ataruka Juni, tunastaafu pamoja." Akaweka utepe wa kamba nyekundu hatua mia na hamsini, akawa anapanda kuangalia kila asubuhi kabla ya filimbi. Tangu lile kinda la koti, alikuwa hajawahi kupata tena kinda la tai yule wa kishungi. Viota vya tai vilivyomo daftarini ni vya tai wengine, wadogo. Kwa hiyo sisi tuliokuwa karibu tulijua anangoja nini. Alitaka kumwona mmoja akiruka kabla hajaondoka.

Aprili mvua ikagoma kuacha. Siku kumi na tisa mfululizo. Kuni zetu zilikuwa zinatoka Kitalu cha Kumi na Mbili, kule upande wa Kinyala, na barabara yake ikakatika kwenye kijito. Trekta la Lusungu, dereva wetu, lilizama mpaka kwenye ekseli, tukabaki tunaona usukani na Lusungu. Kuni kiwandani zikabaki za siku mbili. Wachumaji nao wanaleta majani kila siku, maana chai ikinyeshewa hivyo inachipua kama wazimu. Boila likizima, majani yote yanaoza, na jasho la watu linamwagwa shimoni.

Kitalu kilichokuwa karibu na barabara nzuri kilikuwa kimoja tu. Cha Saba.

Bwana Godwin alikuja mwenyewe na mwavuli. Hakuja kwa ubaya. Alisema, "Mzee, najua. Lakini nina wachumaji mia mbili. Kesho asubuhi tuanze Saba." Mzee Meshaki alikuwa amebakiza miezi miwili. Angeweza kusema ndiyo bosi, nani angemlaumu? Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kofia, akasema, "Nipe siku nne. Moto ukizima hata saa moja, nitaukata mti ule kwa mkono wangu, na barua ya kuacha kazi nitakuandikia mwenyewe."

Nilimwonea huruma, maana nilijua hatanii.

Mpango wake ulikuwa mmoja tu: magogo yaliyokwisha kukatwa kule Kumi na Mbili yabebwe na watu, yavushwe kijito, yafikishwe pale trekta jingine linapoweza kusimama. Hatua mia nane za tope. Wakataji wetu wako kumi na wawili. Jioni ile walibeba mpaka mabega yakachubuka, na trekta halikujaa hata nusu.

Habari ikafika kwa wachumaji, na Prisca, kiongozi wao, mnamfahamu mdomo wake, akapanda mpaka jikoni kwangu kumtafuta.

"Mzee Meshaki! Wewe umekata miti hata idadi yake huijui. Leo mti mmoja unakuuma kama jino?"

"Unaniuma, mama."

"Yaani majani yetu yaoze kwa ajili ya kifaranga? Kwani kifaranga hicho kinachuma?"

Wote tukacheka, hata Mzee. Kisha akamwambia, "Njoo uone, halafu useme wewe. Ukisema tukate, nitakata." Prisca akasema haogopi kuona ndege. Wakaenda, nami nikafuata nimembeba Nelson mgongoni, nimemfunika na nailoni.

Tulisimama kwenye utepe mwekundu. Mvua ilikuwa inachapa. Kule juu tai jike alikuwa amesimama kwenye kiota, ametandaza mabawa yote mawili kama mtu aliyeshika kanga juu ya mtoto, maji yanamchuruzika mgongoni. Chini ya bawa kikaonekana kichwa cheupe, kikavu kabisa. Mara Prisca akaniangalia mimi na nailoni yangu, akamwangalia yule kule juu.

"Kumbe na yeye anamfunika," akasema. Halafu akageuka akashuka mlima bila kuaga.

Tulidhani amekasirika. Kesho yake, kabla filimbi haijalia, tukasikia vicheko kwenye njia ya Kinyala. Prisca alikuwa mbele, nyuma yake wanawake ishirini na sita, kila mmoja na ngata yake kichwani. Wengine walikuwa wametoka shambani kwao kabisa, siyo hata waajiriwa. Wakataji wetu wanabeba gogo begani, wanayumba kwenye tope. Wanawake wakaweka ngata, wakajitwisha, wakaenda wima kama wanatoka kisimani. Prisca akawa anawachokoza: "Pisheni njia nyie wenye mabega! Mnabeba gogo au mnacheza nalo?" Na Mzee Meshaki, miaka sitini kasoro miezi miwili, akaomba ngata na yeye. Akapewa. Alionekana kituko, lakini alibeba siku zote nne, na Mama Lugano aliniambia alikuwa anamkanda mgongo kila jioni huku akimwuliza kama amechanganyikiwa.

Sitaki kudanganya kwamba hakuna kilichopotea. Siku ya pili moto ulishuka, na majani ya tela moja yakamwagwa. Lakini haukuzima. Siku ya tano mvua ikapungua, barabara ikamwagwa mawe, na Lusungu akaling'oa trekta lake. Bwana Godwin alipanda Kitalu cha Saba, akalala chali kwenye majani mabichi na suruali yake ya ofisini, akaangalia juu. Aliposimama aliandika palepale kwamba kitalu kile kitolewe kwenye mpango wa kukata, mwaka huu na miaka inayokuja. Mzee alishika ile karatasi kwa mikono miwili akasema, "Ndaga fijo," asante sana, kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili kilikuwa kimemwishia.

Kilichobaki ni Juni. Kinda likaota manyoya, likaanza kusimama ukingoni mwa kiota na kupiga mabawa bila kwenda popote. Kila siku Mzee alipanda asubuhi, na akishuka tunajua kwa uso wake. Bado. Wiki hii ndiyo ilikuwa ya mwisho, na akaanza kusema, kama anajifariji, "Hata nisipomwona, mradi yupo."

Alhamisi, tarehe 26, aliitwa Tukuyu mjini kushughulikia karatasi zake za kustaafu. Aliondoka asubuhi na koti la mvua mkononi, akanigeukia mara mbili: "Mama Nelson, mwangalie."

Ukurasa huu, Mzee wangu, ndiyo sababu ratiba za sherehe ya leo, zilizochapwa habari hizi, hazijagawiwa mpaka niusome kwa sauti. Hapa naacha kuandika habari zako, nakwambia wewe.

Saa nne asubuhi upepo ulitoka upande wa mlima. Tulikuwa watatu kwenye utepe, mimi, Prisca na Lusungu. Yule mtoto wa tai alipiga mabawa kama siku zote, na tawi likampotea miguuni. Hakuruka, Mzee, alianguka. Prisca alipiga kelele, mimi nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa amefungua mabawa, anayumba kama mlevi, anakwaruza majani, akaenda, akaenda, akafika mkaratusi wa pili. Alitua vibaya, mguu mmoja ukateleza, akashika. Akakaa. Mama yake akalia kule juu, mara mbili, na Prisca akapiga vigelegele mpaka wachumaji wa bonde la chini wakadhani kuna harusi.

Jioni uliporudi ulimwuliza Lusungu, "Vipi, bado?" Naye akakujibu bila hata kucheka, "Bado mzee, yupo yupo tu." Tulikubaliana wote tukufiche mpaka leo. Utusamehe. Ameruka.

Kwa niaba ya Idara ya Kuni, ya wachumaji, na ya akina mama wa mistari yote, asante kwa kutufundisha kazi kwa utaratibu na bila makelele. Mungu akupe wewe na Mama Lugano afya njema huko Masoko, migomba yenu izae, mgongo upone, na wajukuu waje wengi wakusikilize ukiimba bila kukuomba unyamaze.

Watu wa jikoni wamesema chakula kinaweza kungoja nusu saa. Yule mtoto haendi mbali, bado analishwa na mama yake, na asubuhi hii nimemwacha kwenye mkaratusi wa tatu kutoka kiotani, upande wa barabara. Inuka, Mzee. Lusungu ameshawasha trekta.